Spana, Springi na Usukani: Ukarabati wa Magari Makuukuu na Historia ya Kiswahili cha Kazi Kasese na Bwera, Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Historia ya Kiswahili nchini Uganda kwa kawaida husimuliwa kupitia maagizo ya watawala: pendekezo la Gavana Gowers la mwaka 1927, amri ya Idi Amin ya mwaka 1973, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022. Makala haya yanaifuata historia hiyo kwa njia nyingine, yaani kupitia ukarabati na uboreshaji wa magari makuukuu ya barabara mbaya, hasa Land Rover na Toyota Land Cruiser, katika mji wa Kasese na mji wa mpakani wa Bwera. Hoja kuu ni kwamba reli, mgodi, uhaba wa vipuri na biashara ya mpakani viliifanya gereji kuwa mahali ambapo Kiswahili kilijifunzwa na kutumiwa bila kusubiri sera. Msamiati uliozaliwa humo una mpangilio wake: majina ya vipuri hufuata njia za biashara, ilhali vitenzi vya kazi ni vya Kiswahili na vinaeleweka pande zote mbili za mpaka. Makala yanapendekeza kwamba mipango ya istilahi na ya mafunzo ya ufundi ianzie kwenye vitenzi hivyo.

1.0 Utangulizi

Dereva anayetoka Kasese kwenda Kongo hukatiza tambarare za Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, akapita njia panda ya Kikorongo, akafika Bwera, kisha akavuka mto Lubiriha katika kituo cha Mpondwe. Ng'ambo ya mto ni Kasindi. Katika kivuko hicho mambo mawili hubadilika kwa wakati mmoja: gari lililokuwa likiendeshwa upande wa kushoto wa barabara huhamia kulia, na lugha ya ofisi huacha kuwa Kiingereza ikawa Kifaransa. Gari likikwama, hata hivyo, dereva hahitaji kubadili lugha ya kumwita fundi. Ni kweli kwamba Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wana lugha zinazokaribiana sana, na wengi wao huelewana bila mkalimani. Lakini barabara hii hupitiwa pia na madereva wa Kenya, wafanyabiashara wa Kampala, wachukuzi wa Butembo na watumishi wa mashirika ya misaada. Kwa kundi hilo lote, lugha inayoweza kuwakutanisha chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki ni Kiswahili.

Hali hiyo ina historia. Makala haya yanauliza: Kiswahili cha gereji kilifikaje Kasese na Bwera, kilidumu vipi katika nchi ambayo mara kadhaa ilikikataa hadharani, na kina somo gani kwa wapangaji wa lugha wa leo? Ushahidi unaotumika ni wa aina tatu: historia inayojulikana ya eneo, muundo wa magari yenyewe, na maneno. Aina ya pili na ya tatu hazitumiki sana katika historia ya lugha. Hata hivyo, gari lililotengenezwa mara nyingi hubeba alama za kila aliyelifungua, na neno lililokopwa hubeba alama za aliyelileta.

2.0 Reli, mgodi na lugha ya karakana

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala wa Uganda. Upinzani ulikuwa mkali. Kabaka Daudi Chwa aliandika mwaka 1929 kukikataa, na viongozi wa misheni nao walisimama upande huo. Tokeo lake ni kwamba Kiswahili hakikupata nafasi imara shuleni. Kilibaki jeshini, polisini na katika kazi za mikono, mahali ambapo watu wa makabila mengi walihitaji kuelewana kwa haraka na ambapo wasomi hawakuwa na sababu ya kubishana juu ya heshima ya lugha.

Kasese ya kisasa ilijengwa juu ya kazi za aina hiyo. Reli iliyotoka Mombasa kupitia Nairobi na Kampala ilifika Kasese mwaka 1956. Mwaka huohuo mgodi wa shaba wa Kilembe, ulio katika bonde la mto Nyamwamba chini ya milima ya Rwenzori, ulianza uzalishaji, na shaba yake ikapelekwa kuyeyushwa Jinja, ambako umeme wa bwawa la Owen Falls ulikuwa umeanza kupatikana mwaka 1954. Mgodi na reli vilihitaji waendesha mitambo, wachomeleaji, mafundi wa breki na wapiga nyundo. Wafanyakazi walitoka sehemu nyingi za Uganda na nje yake. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilikuwa mwajiri mmoja kutoka pwani hadi Kasese. Hivyo msamiati wa karakana za Mombasa na Nairobi ulikuwa na njia ya chuma ya kusafiria hadi chini ya Rwenzori.

Maneno yenyewe yanaonyesha urefu wa safari hiyo. "Gari" lina asili ya Kihindi. "Karakana" ni neno la Kiajemi lililopita mikono mingi kabla ya kutulia katika Kiswahili. "Parafujo" limetoka katika Kireno. "Usukani" lilikuwa neno la baharini kabla gari la kwanza halijashushwa Mombasa; nahodha aliligeuza jahazi kwa usukani, na dereva akarithi neno hilo pamoja na kazi ya kugeuza chombo. Kwa upande wake, "fundi" ni neno lenye udugu na kitenzi "funda", ambacho kimezaa pia "funza" na "mwanafunzi". Lugha yenyewe inakumbuka kwamba gereji ni shule.

Utafiti wa Ladefoged, Glick na Criper uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi ya Waganda waliweza kuzungumza Kiswahili, ingawa lugha hiyo haikuwa na nafasi ya maana shuleni. Ulionyesha pia kuwa wanaume waliokijua walizidi wanawake kwa zaidi ya maradufu. Tofauti hiyo inaeleweka tukizingatia mahali kilipojifunzwa: kambini, mgodini, relini na gerejini. Ni tofauti inayopaswa kukumbukwa na kila anayeisifu shule ya gereji, kwa kuwa shule hiyo haikufungua milango yake kwa wasichana.

3.0 Gari lililokubali kufunguliwa

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na upungufu wa chuma, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, huku chesisi ikibaki ya chuma. Mabamba ya bodi yalikuwa mengi ya bapa na yalifungwa kwa boliti na ribiti. Milango, mabawa na paa viliweza kuondolewa kimoja kimoja. Injini iliweza kuwashwa kwa mkono wa chuma uliozungushwa kutoka mbele ikiwa betri imekufa. Ekseli zote mbili zilishikiliwa na springi za mabamba, teknolojia ya zamani kuliko gari lenyewe, na hazikubadilishwa hadi modeli ya One Ten ya mwaka 1983 ilipoleta springi za kuzunguka.

Kwa fundi aliye mbali na duka la vipuri, maana ya muundo huo ni moja: hakuna sehemu ya gari iliyofichwa. Anachohitaji ni spana, nyundo, jeki na mtu wa kumshikia taa. Hata usukani ungeweza kuhamishwa, kwani ukuta unaotenganisha injini na dereva ulitengenezwa kwa kuzingatia nchi zinazoendesha kushoto na zile zinazoendesha kulia. Mpakani Mpondwe, ambako barabara hubadilisha upande, uwezo huo ni wa manufaa ya moja kwa moja.

Gari hilo lilikuwa pia na udhaifu uliojulikana, na udhaifu ndio uliowafundisha mafundi. Shafti za ekseli ya nyuma zilikatika zilipobebeshwa mzigo mkubwa au kulazimishwa kutoka matopeni, na dereva mwangalifu alitembea na ya akiba. Chesisi iliyofungwa pande zote kama sanduku ilishika unyevu na matope ndani, ikaliwa na kutu kutokea ndani kwenda nje. Mahali aluminiamu ilipogusana na chuma palipo na maji, metali hizo mbili zililana. Katika wilaya yenye ziwa la chumvi la Katwe, ambako chumvi imechimbwa na kusafirishwa kwa vizazi vingi, mabaki ya mzigo kwenye sakafu ya gari huongeza kasi ya kuliwa huko. Fundi aliyeyaona hayo mara kwa mara alijua kemia ya kutu bila kuisoma darasani: kwamba bamba la chesisi huunganishwa kwa kuchomelea, lakini bodi ya aluminiamu haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya chuma, bali hutiwa kiraka na kupigwa ribiti.

4.0 Miaka ya uhaba

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Waasia, akawapa siku 90. Walioondoka walikuwa na sehemu kubwa ya maduka ya vipuri, uagizaji na gereji za mijini. Magari yaliyobaki hayakuwa na mtu wa kuyaagizia klachi wala masta silinda. Shirika la Reli la pamoja lilisambaratika na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Vita vya 1978 na 1979 vilifuata. Mgodi wa Kilembe ulisimamisha uzalishaji mwaka 1982, na mafundi wake wakabaki na ujuzi usio na mwajiri.

Katika miaka hiyo ukarabati ulibadilika kutoka huduma kuwa namna ya kuishi. Gari moja lilivuliwa ili jingine litembee. Mpira wa tairi lililochakaa ulikatwa ukawa bushi ya springi. Bamba la springi ya lori lilikatwa na kutobolewa ili liingie kwenye Land Rover. Kufanya hivyo kunahitaji hesabu: bamba jipya lazima lipitiwe na boliti ya katikati, boliti za umbo la U ziwe ndefu zaidi, na mkunjo wa bamba ulingane na wenzake, la sivyo mzigo wote huangukia bamba moja na kulivunja. Hayo ni maarifa ya kihandisi, na yalipitishwa kwa mdomo.

Yalipitishwa kwa lugha gani? Maneno mawili ya zama hizo yanasaidia kujibu. La kwanza ni "magendo", ambalo Uganda nzima ililitumia kwa biashara ya kificho iliyoshika uchumi. La pili ni "mafutamingi", jina la matajiri wapya waliorithi mali za Waasia. Neno hilo la pili lina umuhimu wa kisarufi. Kiswahili sanifu kingedai "mafuta mengi". Umbo la "mingi" linaonyesha kuwa waliolibuni hawakuwa wakifuata kitabu. Walikuwa wakisema Kiswahili cha bara, kilichojifunzwa kazini, chenye upatanisho wake. Uganda ya miaka ya 1970 ilikuwa na Kiswahili hai kiasi cha kuzaa majina mapya ya matabaka ya kijamii.

Hapo ndipo lugha ilipopata jeraha. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa kuwa ndicho kilichosikika kutoka midomoni mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, raia wengi walikihusisha na mtutu wa bunduki. Na kwa kuwa kilitaja magendo, walikihusisha na uhalifu. Hukumu hiyo imeathiri mjadala wa lugha nchini Uganda hadi leo. Historia ya gereji haiifuti, lakini inaongeza shahidi ambaye hakuitwa. Katika miaka ileile, Kiswahili kilikuwa pia lugha ya kuelekezana namna ya kuirudisha gari barabarani, na Land Rover moja iliyotengenezeka iliweza kubeba mgonjwa, kahawa au walimu kwenye njia ambayo hakuna gari jingine lingepita.

5.0 Bwera: mto, Toyota na Kifaransa

Bwera iko takriban kilomita 50 kutoka mji wa Kasese, na uhai wake hautenganishwi na mpaka. Upande wa pili, sera ya Mobutu ya mwaka 1973 ya kuwakabidhi Wazaire biashara za wageni ilivuruga uagizaji, na wafanyabiashara wa Butembo wakajijengea njia zao za mashariki kupitia Kasindi hadi Mombasa. Baadaye njia hizohizo zilileta magari yaliyotumika na vipuri kutoka Dubai na Japani. Reli ya Kasese iliacha kufanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, na mzigo wote ukahamia barabarani.

Ndipo Toyota Land Cruiser ilipochukua nafasi ya Land Rover, kwanza ile ya mfululizo wa 40, kisha ya mfululizo wa 70 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, bila turbo na bila kompyuta, ilipendwa kwa sababu ileile iliyoifanya Land Rover ipendwe hapo awali: ilikubali kufunguliwa. Katika Afrika Mashariki hatua iliyofuata ilikuwa kuyaoanisha magari hayo mawili. Injini ya Kijapani ilifungwa ndani ya Land Rover kuukuu kwa bamba la kuunganishia lililochongwa ili injini na giaboksi zisizojuana zikutane, shafti na klachi zikiwa katika mstari mmoja.

Uunganishaji huo ulidai elimu mpya. Boliti za Land Rover ya zamani zilikuwa za vipimo vya Kiingereza, za Toyota za milimita, na spana ya mmoja huumiza nati ya mwingine. Land Rover za awali ziliunganisha ncha chanya ya betri na bodi, kinyume cha magari ya baadaye. Aliyefunga alteneta mpya bila kujua hilo aliiunguza. Dizeli huzunguka taratibu kuliko petroli, hivyo gia zilizokusudiwa injini ya petroli zililifanya gari liwe zito wa mwendo. Kila tatizo lilihitaji maelezo, na kila maelezo yalihitaji maneno ambayo mtu wa Kasese, wa Mombasa na wa Beni wangeyaelewa.

6.0 Majina hufuata vipuri, vitenzi hufuata watu

Msamiati wa gereji ukichunguzwa kwa makini unagawanyika katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni majina. Upande wa Uganda, Kenya na Tanzania mengi yametoka katika Kiingereza: injini, gia, klachi, breki, springi, bushi, beringi, plagi, stata, spana. Upande wa Kongo mengi yametoka katika Kifaransa: mazutu kwa dizeli, esansi kwa petroli, bujii kwa plagi, fre kwa breki. Mpaka wa majina unafuata mpaka wa ukoloni na wa biashara. Kipuri huingia nchini kikiwa na jina lake kwenye boksi, na jina huingia pamoja nacho.

Sehemu ya pili ni vitenzi, na hapa picha hubadilika. Fundi hufungua injini, hushusha giaboksi, hukaza nati, hulegeza boliti, huchomelea chesisi, hunyoosha bodi, huunga waya, hutoa upepo kwenye breki, kisha hufunga kila kitu na kulijaribu gari. Vitenzi hivi, karibu vyote, si vya kukopa. Ni vya Kiswahili, navyo vimepanuliwa maana: "kufungua" hapa ni kuichambua mashine hadi kipande cha mwisho, na "kufunga" ni kuiunda upya. Viambishi vya kitenzi hufanya kazi ambayo lugha nyingine huhitaji sentensi kuifanya. Nati "imekazwa" na mtu. Nati "imekazika" inaweza kukazwa na imekubali. Nati "imekazana" imeng'ang'ania kwa kutu na haitoki. Anayezijua tofauti hizo amekwisha kuelezwa nusu ya ugonjwa wa gari.

Sababu ya mgawanyiko huu ni ya kihistoria. Jina la kipuri huamuliwa na aliyekitengeneza au aliyekiuza. Jina la kitendo huamuliwa na anayekitenda, na kwa muda wa miaka sabini waliotenda Kasese na Bwera walikuwa watu wa makabila mengi waliokutana katika Kiswahili. Kwa hiyo fundi wa Bwera anayesema "kaza breki" na mwenzake wa Kasindi anayesema "kaza fre" wanatofautiana katika boksi la kipuri tu. Kazi wanaiita kwa jina moja.

7.0 Maboresho, hatari na sera

Itakuwa kosa kuigeuza historia hii kuwa sifa tupu. Maboresho ya nyumbani yana gharama. Springi zilizoongezwa mabamba hubeba mzigo mkubwa zaidi, lakini hufanya gari kuwa gumu na kupeleka mishtuko kwenye chesisi, ambayo hupasuka palipo na kutu. Gari lililoinuliwa juu ili lipite mitoni huhamisha kitovu chake cha uzito na kupinduka kwa urahisi kwenye mteremko. Hatari kubwa zaidi ni injini yenye nguvu katika gari lililobaki na breki za dramu za miaka ya 1960. Gari hilo litapanda milima ya Rwenzori kwa urahisi likiwa na mzigo mara mbili. Swali ni namna litakavyoshuka. Aliyeongeza nguvu bila kuongeza uwezo wa kusimama amefanya nusu ya kazi.

Sera imejaribu kulishughulikia suala la magari makuukuu mpakani na bandarini. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Sheria hiyo hupunguza yanayoingia. Haiyagusi yaliyokwisha kuingia, ambayo ndiyo yanayohudumia vijiji vya milimani. Usalama wa magari hayo umo mikononi mwa mafundi, na mafundi hufikiwa kwa lugha wanayofanyia kazi. Mwongozo wa kutoa upepo kwenye breki ulioandikwa kwa Kiingereza cha chuo hauwezi kumlinda abiria wa Bwera iwapo aliyeko chini ya gari alijifunza kazi kwa Kiswahili.

Mazingira ya kisera kwa sasa yanaruhusu hatua. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Septemba 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili, na Julai 2022 likaidhinisha Kiswahili kutumika kama lugha rasmi. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2021 ulizinduliwa mradi wa Uganda na Kongo wa kujenga barabara, ikiwamo ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni. Magari yatakayopita hapo yatahitaji mafundi wanaoelewana pande zote mbili.

Mapendekezo matatu yanatokana na historia hii. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyombo vya Uganda vikusanye msamiati wa gereji kwa kuanza na vitenzi na maelekezo ya kazi, kisha majina. Kamati za istilahi zimezoea kinyume chake: hutumia muda mwingi kubuni jina la Kiswahili la kipuri ambacho tayari kina jina sokoni. Majina mawili ya plagi yanaweza kuishi pamoja katika kamusi bila madhara. Maelekezo mawili yanayopingana ya kufunga breki hayawezi. Pili, upimaji wa ujuzi wa mafundi wasiosoma vyuoni, ambao Sheria ya Elimu ya Ufundi ya mwaka 2008 ilifungua mlango wake, ufanywe pia kwa Kiswahili katika wilaya za mpakani. Tatu, wasichana waingizwe katika mafunzo hayo kwa makusudi, kwa sababu historia inaonyesha kuwa gereji ikiachwa yenyewe huwafundisha wanaume kazi na lugha kwa pamoja, na kuwanyima wanawake vyote viwili.

8.0 Hitimisho

Utengenezaji wa Land Rover ya asili ulikoma Solihull tarehe 29 Januari 2016. Magari yanayoendelea kuingia Afrika Mashariki yana vipuri vinavyoongozwa na kompyuta, na kasoro zake husomwa kwenye kioo kabla ya kusikika masikioni. Fundi aliyejifunza kwa kufungua na kufunga atakuwa na vya kufungua vichache zaidi mwaka hadi mwaka. Maneno yake yatapungua kwa kadiri hiyohiyo yasipoandikwa, maana yaliishi ndani ya kazi, na kazi ikitoweka huondoka nayo.

Kiswahili kilipokataliwa shuleni baada ya 1927, karakana ilikipokea. Kilipotiwa doa na amri ya 1973, gereji iliendelea kukitumia kwa kazi ambayo haikumwogopesha mtu. Sera ya 2022 imerudi kukitafuta mahali pa juu. Inafaa ianze pia kukitafuta chini ya gari, ambako watu wa Kasese na Bwera wamekitunza kwa muda mrefu kuliko sera yoyote iliyowahi kuandikwa.